PROFESA ALIYEIPELEKA KATIBA KIJIJINI

Maneno waliyoelezwa wanachama katika mkutano wa tawi



Tumetakiwa tuseme nanyi habari za mtu aliyekuwa mwalimu wa sheria ya katiba, kisha akaingia katika siasa. Mtu huyo ni Profesa Kivutha Kibwana wa Kenya. Hatukumchagua kwa sababu ni malaika, maana katika siasa hakuna malaika. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanajibu swali ambalo twalisikia kila siku katika matawi yetu: Je, katiba ni kitu cha wasomi peke yao, au ni mali ya mkulima na mchuuzi pia?

Wako ndugu zetu wasemao kwamba mambo ya katiba tuwaachie mawakili, sisi tutafute unga. Maneno hayo yanapendeza kusikia, lakini yana hatari. Mtu akikuambia uache hati ya shamba lako mikononi mwake kwa kuwa hujui kusoma, nawe ukakubali, siku moja utakuta shamba limeuzwa. Basi sikilizeni habari hizi, mpime wenyewe.

KATIBA ILIYOKATWAKATWA

Kibwana alizaliwa mwaka 1954 katika nchi ya Ukambani. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaendelea na masomo Marekani katika vyuo vya Harvard na George Washington. Aliporudi alifundisha sheria Nairobi, hata akawa mkuu wa kitivo cha sheria. Ni mtungaji wa mashairi na michezo ya kuigiza pia. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kimya maisha yake yote, akala mshahara wake, akaandika vitabu, wala asingesumbuliwa na mtu.

Lakini hebu tutazame alikuwa akifundisha katiba gani. Kenya ilipopata Uhuru mwaka 1963 ilikuwa na katiba yenye majimbo na mabunge mawili. Miaka michache tu baadaye mamlaka ya majimbo yaliondolewa, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na bunge la pili. Mwaka 1982 kikaongezwa kifungu cha 2A, ambacho kilisema kwamba chama ni kimoja tu kwa sheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi wa hesabu za serikali waliondolewa kinga ya kazi zao, na mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa. Kinga hizo zilirudishwa mwaka 1990, na kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991.

Angalieni jambo hili vizuri. Hakuna hata moja katika hayo lililofanywa kwa bunduki. Yote yalifanywa bungeni, kwa kuinua mikono, kwa sheria iliyoandikwa na kupigwa mhuri. Mwalimu anayesimama mbele ya wanafunzi wake kila mwaka, akaona kitabu anachofundisha kinakatwa kurasa, ana njia mbili. Ama afundishe kurasa zilizobaki, ama atoke nje akawaambie watu kwamba kitabu chao kinaibiwa. Kibwana alichagua kutoka nje.

MWAKA 1997

Katika miaka ya tisini yeye na wenzake, mawakili, watu wa dini, vijana na akina mama, waliunda vikundi vya kudai katiba mpya. Mwezi wa Aprili 1997 ulifanyika mkutano mkubwa Limuru, na humo kikatoka chombo kilichoitwa National Convention Executive Council, ambacho Kibwana alikuwa mmoja wa wasemaji wake wakuu. Dai lao lilikuwa fupi, hata mtoto angeweza kulishika: bila mageuzi, hakuna uchaguzi.

Tarehe 7 Julai 1997, siku ambayo Wakenya huiita Saba Saba, watu walitoka kwa wingi. Polisi wakawatawanya kwa marungu na moshi wa kutoa machozi, hata wakaingia ndani ya kanisa kuu la All Saints mjini Nairobi na kuwapiga watu humo. Watu walikufa katika sehemu mbalimbali za nchi siku hiyo. Dunia nzima iliona.

Basi serikali ikalegea kidogo. Wabunge wa chama kilichotawala na wabunge wa upinzani walikaa pamoja mwezi wa Septemba wakapatana kubadili baadhi ya sheria za zamani, kama ile ya kuomba ruhusa ya mikutano na ile iliyowapa machifu nguvu kubwa mno. Wale waliopigwa barabarani hawakuitwa katika meza hiyo. Walisema mapatano hayo hayatoshi, na kwamba mzizi wa shida bado umo ardhini. Lakini nchi ikaenda kwenye uchaguzi mwezi wa Desemba, na Rais Moi akashinda kwa kura zipatazo asilimia 40, maana wapinzani waligawanyika.

Hapa twajifunza jambo la kwanza. Hoja inaweza kuwa sahihi kabisa, na wenye hoja wakawa mashujaa, lakini kama hawana mkono ndani ya bunge watafungiwa mlango saa ya mwisho. Kelele za barabarani hufungua mlango, hazikalii kiti. Anayekikalia kiti ndiye anayeandika.

KUINGIA NDANI

Mwaka 1997 ulimfundisha Kibwana jambo hilo. Desemba 2002 vyama vya upinzani viliungana katika NARC, chama cha zamani kikashindwa, na Mwai Kibaki akawa Rais. Kibwana alichaguliwa mbunge wa Makueni. Akawa waziri msaidizi katika ofisi ya Rais, na baadaye waziri wa mazingira. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya hali ya hewa uliofanyika Nairobi Novemba 2006.

Ndugu zetu, sehemu hii ya habari haina sifa nyingi, nasi hatutaificha. Serikali ya NARC iliahidi kuwapa watu katiba mpya katika siku 100. Siku 100 zilipita, na mwaka ukapita. Wajumbe walikutana Bomas, wakabishana, na mwezi wa Machi 2004 wakapitisha rasimu. Mawaziri wa serikali walitoka nje ya mkutano kabla ya mwisho. Rasimu hiyo ikabadilishwa na wakuu, kisha ikapelekwa kwa wananchi katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005. Alama ya kukubali ilikuwa ndizi, ya kukataa ilikuwa chungwa. Serikali, ambayo Kibwana alikuwa ndani yake, ilikuwa upande wa ndizi. Chungwa likashinda kwa kura zaidi ya asilimia 57.

Katika uchaguzi wa Desemba 2007 watu wa Makueni walimwondoa Kibwana bungeni. Huyu ni yule yule aliyesimama mbele ya polisi mwaka 1997! Wengine watasema wananchi hawana shukrani. Sisi hatusemi hivyo. Wananchi hawakumpa kura mwaka 2002 ili awe mtu mkubwa Nairobi. Walimtuma kazi. Waliporudi kuuliza kazi iko wapi, hawakuridhika na jibu. Hiyo ndiyo haki ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiidai kwa ajili yao. Ajabu ingekuwa kama wangeipata haki hiyo wakaogopa kuitumia juu yake.

Uchaguzi ule wa 2007 ulileta maafa katika nchi nzima. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na wengine mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Watu walitambua kwa uchungu kwamba katiba mbovu huua kama njaa. Nguvu zote zilikuwa Ikulu, na kwa sababu hiyo kila kabila liliona kwamba kuikosa Ikulu ni kukosa maisha. Kibwana baada ya kushindwa akawa mshauri wa Rais Kibaki katika mambo ya katiba. Kazi ikaendelea mpaka tarehe 4 Agosti 2010, watu walipoikubali katiba mpya kwa kura zipatazo asilimia 67. Tarehe 27 Agosti ikatangazwa kuwa sheria.

Katiba hiyo ilisema mwanzoni kabisa kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ikaunda kaunti 47, kila moja na gavana wake na bunge lake. Ikasema pia kwamba kaunti zote pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kwa hiyo neno ugatuzi halikubaki neno la vitabuni. Lilikuja na fedha.

MAKUENI

Sasa twafika mahali ambapo habari inakuwa na mafunzo makubwa kwetu. Profesa hakubaki Nairobi kufasiri katiba mpya. Tarehe 4 Machi 2013 alichaguliwa gavana wa kwanza wa Makueni, nchi ya jua kali, ya maembe na ya mvua za kubahatisha, yenye watu karibu milioni 1.

Kilichotokea kwanza ni vita. Bunge la kaunti na gavana waligombana juu ya bajeti. Wawakilishi wa wadi walitaka hivi, serikali ya gavana ikataka vile, na kazi zikasimama. Septemba 2014 ugomvi ulifika mpaka kwenye risasi katika uwanja wa bunge la kaunti pale Wote, na watu kadhaa wakajeruhiwa. Mnaona, ndugu? Kuleta serikali karibu na watu hakuleti amani peke yake. Ugomvi wa Nairobi waweza kupanda basi ukafika Wote.

Je, mtaalamu wa katiba alifanya nini? Sheria ya kaunti ilisema kwamba asilimia 10 ya wapiga kura waliojiandikisha waweza kutia sahihi wakaomba serikali ya kaunti ivunjwe. Ikivunjwa, pande zote mbili huondoka, gavana na wawakilishi pamoja, na uchaguzi hufanywa upya. Wananchi wa Makueni wakatia sahihi, na gavana akawa upande wa ombi lile. Hebu fikirini: kiongozi aunga mkono ombi ambalo likikubaliwa litamwondoa yeye mwenyewe katika kiti, arudi kwa wapiga kura mikono mitupu. Tume iliundwa, ikawasikiliza watu, ikashauri kwamba kaunti ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa. Ikawalazimu mahasimu wale kurudi kufanya kazi pamoja mpaka mwisho wa muhula.

Wako wanaosema ombi lile lilikuwa hila tu ya kuwatisha wawakilishi. Kila mtu ana maoni yake. Sisi twatazama njia iliyotumika. Hakuna aliyeleta vijana wenye mapanga. Ilitafutwa sahihi ya mkulima, ikapelekwa kwa tume, na jibu lilipokuja baya likakubaliwa. Hivyo ndivyo ugomvi wa watu huru unavyopasa kuwa.

HESABU ZA KIJIJINI

Jambo lililoifanya Makueni itajwe mbali ni namna fedha zilivyopangwa. Katiba ilisema wananchi washirikishwe. Mahali pengi kushirikishwa kulikuwa kuita watu katika ukumbi, kuwapa soda, kuwasomea makaratasi kwa Kiingereza, kisha kuandika kwamba wamekubali. Makueni walianza chini. Kuna vijiji zaidi ya 3,000 katika kaunti ile. Watu walikutana kijijini wakataja shida zao, wakachagua wajumbe wa kuzipeleka kwenye mkutano wa vijiji kadhaa pamoja, kisha kwenye wadi, ambazo ni 30, kisha kwenye sehemu 6 za kaunti, mpaka kwenye baraza la kaunti nzima. Kila ngazi ilipunguza orodha, maana fedha hazitoshi kwa yote, na walioipunguza walikuwa wajumbe wa watu wenyewe.

Tena, mradi ukianza, watu wa mahali pale walichagua kamati ya kuusimamia. Kontrakta alipomaliza, ilipasa kamati ikague na kutia sahihi kabla hajalipwa. Jambo hili ni dogo kwa kusema, lakini lina nguvu kubwa. Mzee aliyevaa kandambili anasimama mbele ya kontrakta mwenye gari kubwa na kumwambia: saruji hii ni kidogo, hatutii sahihi. Hapo ndipo maneno yasemayo mamlaka ni ya wananchi yanapopata mikono na miguu.

Matunda yalionekana. Kaunti ilianzisha mpango wa matibabu ambao familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila malipo mengine. Kikajengwa kiwanda cha maembe Kalamba, ili mkulima asiwauzie walanguzi kwa bei ya kutupa wakati maembe yanapooza mitini. Yalijengwa mabwawa ya kuhifadhi maji. Mwaka 2017 wananchi wakamchagua Kibwana kwa mara ya pili.

Muhula wake ulipokwisha mwaka 2022, kwa kuwa katiba haimruhusu gavana kuzidi vipindi viwili, aliondoka. Akaomba kiti cha useneti cha Makueni katika uchaguzi wa Agosti mwaka huo, akashindwa. Watu wale wale waliomsifu walimpa kura mtu mwingine, naye akaenda nyumbani. Mara mbili alishinda ugavana na mara mbili wapiga kura walimkatalia kiti cha kwenda Nairobi. Hakuna jeshi lililoitwa.

ELIMU PEKE YAKE HAITOSHI

Msidhani kwamba kila mwalimu wa katiba hufanya hivyo. Tazameni Tunisia. Huko mwalimu wa sheria ya katiba, Kaïs Saïed, alichaguliwa Rais Oktoba 2019 kwa kura zaidi ya asilimia 70. Vijana walimpenda kwa kuwa alionekana mtu safi asiye na chama. Tarehe 25 Julai 2021 alisimamisha Bunge na kumwondoa Waziri Mkuu. Halafu ikaandikwa katiba mpya. Profesa Sadok Belaid, aliyeongoza kamati ya kuiandaa, alisema maandishi yaliyotangazwa siyo yale waliyompa Rais. Ilipopigiwa kura Julai 2022, waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30 tu ya wapiga kura.

Wote wawili walikuwa walimu wa somo moja. Mmoja aliichukua kalamu akaandika peke yake. Mwingine, pamoja na kasoro zake, aliipeleka kalamu kijijini. Elimu yao haikuwatenga. Kilichowatenga ni kuulizwa. Saïed hakuwa na chama cha kumkemea, na Bunge la kumzuia alilifunga. Kibwana alizungukwa na watu wa kumuuliza: wapiga kura waliomwondoa mwaka 2007, wawakilishi waliompinga, tume iliyomchunguza, kamati za vijiji zilizohesabu saruji. Baadhi yao walimuudhi, bila shaka. Lakini hao ndio waliomfanya awe kiongozi bora kuliko alivyokuwa waziri.

Hapo ndipo penye hatari kwetu sisi wanachama. Twapenda kumpata msomi, tukampigia makofi, tukamwachia kila kitu kwa kuwa anajua. Hasha! Msomi yafaa awemo katika chama, na afadhali wawe wengi. Lakini msomi asiyeulizwa ni kama dereva asiye na breki: kujua kwake njia hakuwafai abiria.

KAZI YETU

Kwa hiyo, ndugu wanachama, twataka mtoke hapa na kazi tatu.

Ya kwanza, kila tawi lisome katiba kwa lugha ambayo watu waijua. Msiisome yote kwa siku moja. Someni kifungu kimoja kila mkutano, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Sisi tuliofunzwa ualimu twajua kwamba somo halijaeleweka mpaka mwanafunzi aweze kulieleza mwenyewe. Basi asimame mama muuza samaki aeleze kifungu hicho kwa maneno yake. Akishindwa, kosa ni la aliyefundisha.

Ya pili, mwenzetu akichaguliwa, msiache kumuuliza. Kumuuliza mwenzako si uadui wala si kukisaliti chama. Aliyesimama na watu katika moshi mwaka 1997 alihitaji kuulizwa mwaka 2005. Sembuse sisi ambao hatujapigwa hata rungu moja.

Ya tatu, fuateni fedha mpaka zinapoishia. Mkisikia kisima kimejengwa, nendeni mkaone kama kina maji. Mkisikia zahanati imefunguliwa, ulizeni kama ina dawa na muuguzi. Pale penye kamati, chagueni mtu mnayemwamini hata kama hajui Kiingereza, maana saruji haichanganywi kwa Kiingereza.

Uhuru tulioachiwa na wazee wetu uliandikwa katika karatasi, na karatasi huliwa na mchwa kama hakuna anayeifungua. Haba na haba hujaza kibaba. Tawi moja likisoma, kijiji kimoja kikihesabu, mwenzetu mmoja akiulizwa akajibu, hapo katiba itaacha kuwa mali ya wasomi.

Mkutano ujao tutaanza na kifungu cha kwanza. Mwenye nakala aje nayo, na asiye nayo aje na masikio yake.